Picha Nilizozifuta

Picha ya kwanza ya jicho niliyopiga maishani ilikuwa ya kope. Kope tupu, zimeng'aa kwa flashi, zimejaa kioo kizima kama nyasi. Aliyekuwa akinifundisha aliitazama akaniambia nisiifute. "Iweke. Mwakani utaitazama ucheke." Sikuiweka. Niliona aibu, nikaifuta kabla hajafika mlangoni, na tabia hiyo ya kufuta ikaja kunitesa miaka mingi baadaye.

Nilikuwa muuguzi wa macho kabla ya kukabidhiwa kamera. Kazi ile niliitaka kwa sababu za nyumbani. Baba alipoteza jicho la kushoto kwa glakoma, la kulia likabakia na kipande tu cha kuona, na miaka yote hiyo aliamini ana mtoto wa jicho. Alikuwa akingoja akomae ndipo akatolewe. Mtoto wa jicho unaweza kumngoja, maana lenzi iliyofifia hutolewa ikawekwa mpya na mtu akaona tena. Glakoma haina subira hiyo. Nyuzi za neva inayopeleka habari kutoka jichoni hadi ubongoni, zaidi kidogo ya milioni moja, hufa moja moja kimya kimya, na uliokufa haurudi. Haiumi. Huanza kula pembeni, na pale jicho moja linapopungukiwa, jicho la pili hufidia. Baba aliendelea kusoma gazeti vizuri kabisa. Alikuwa tu anagonga bega la kushoto kwenye fremu za milango, nasi tukimtania kwamba nyumba imepungua.

Basi nikajifunza kupiga picha nyuma ya jicho. Maelezo yake ni mepesi: unapitisha mwanga kwenye tundu dogo la mboni, na picha inatokea kwenye tundu hilohilo. Chumba kinatiwa giza ili mboni itanuke yenyewe. Mtu anaweka kidevu mahali pake, paji la uso linagusa mkanda, anatazama taa ndogo ya kijani ndani ya lenzi. Anapepesa, anafumbua, anatulia. Flashi.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwa nini picha za jicho la pili zilikuwa mbaya kuliko za la kwanza. Flashi ya jicho moja hufinya mboni zote mbili. Ukitaka jicho la pili litoe picha safi, mwache mtu gizani dakika kadhaa, na foleni ikiwa ndefu hakuna anayetaka kukaa gizani na mgeni wakitazamana. Mimi nilikuwa naanza na jicho la kulia kila mara, kama nilivyofundishwa, kisha sikungoja. Ndiyo maana kumbukumbu zangu za mwanzo zimejaa macho ya kulia yaliyo safi na ya kushoto yaliyofunikwa kivuli. Jicho alilopoteza baba lilikuwa la kushoto. Niliwahi kulifikiria hilo usiku mmoja, nikaamua nisilifikirie tena.

Kinachotafutwa kwenye picha ni duara lenye rangi ya chungwa iliyopauka, upande wa puani, pale nyuzi zote zinapokusanyika ili zitoke nje ya jicho. Hiyo ndiyo diski. Katikati yake pana kishimo kilichopauka zaidi, kikombe. Kati ya kikombe na mpaka wa diski ndipo nyuzi zenyewe zilipo, na hapo tunapaita ukingo. Glakoma ikila nyuzi, ukingo unakonda na kikombe kinapanuka. Nilifundishwa kupima kikombe ni sehemu ngapi ya diski: kikiwa sehemu 3 kwa 10, tulia, kikifika 6 au 7, shuku. Nikaishika namba hiyo kama mtoto anavyoshika jedwali la kuzidisha.

Akaja kijana mmoja, fundi, amemsindikiza mamaye. Mashine ilikuwa imewashwa, nikamwambia na yeye akae. Kikombe chake kilikuwa 7 kwa 10 kwenye macho yote mawili. Nikamwambia, "Kaka, hapa naona dalili za glakoma." Haikuwa kazi yangu kusema hivyo, lakini nilikuwa na namba mkononi na namba inampa mtu kiburi. Alikaa siku tatu akingoja kumwona daktari. Baadaye mamaye aliniambia kwamba usiku alikuwa akifunga jicho moja na kujaribu kutembea uani.

Daktari hakuanza na kikombe. Alipima kwanza ukubwa wa diski, akaniita. "Diski yake ni kubwa. Nyuzi zake ni nyingi kama zako, ila zimetandazwa kwenye duara pana, katikati pakabaki wazi. Angalia ukingo: chini mnene, juu unafuata, puani unafuata, upande wa sikio ndio mwembamba. Hivyo ndivyo mungu alivyomuumba." Akaniongezea kwamba watu wenye asili ya Afrika mara nyingi wana diski kubwa zaidi, kwa hiyo namba yangu ya 7 ingewaogopesha wengi bure. Na kinyume chake kinatisha zaidi: diski ndogo yenye kikombe cha 4 kwa 10 inaweza kuwa tayari imeliwa. Kijana nilimwomba radhi. Alicheka, ila hakuwahi tena kukaa kwenye kiti changu.

Jina nalo linatuponza. Watu wengi wanaiita glakoma "presha ya macho", na kwa sababu hiyo ukipimwa presha ukaambiwa ni nzuri, unakwenda zako. Alikuja mama mmoja ambaye presha yake ilikuwa 15, na kawaida huhesabiwa kati ya 10 na 21, kwa milimita za zebaki. Alikuwa ameambiwa miaka na miaka kwamba hana shida. Alikuja kubadilisha miwani ya kusomea. Kwenye picha ya jicho lake la kulia, pembeni mwa diski upande wa chini, kulikuwa na mstari mwekundu mfupi kama mkwaruzo wa kalamu. Nikadhani ni uchafu kwenye lenzi. Nikaipangusa, nikapiga tena. Upo. Nikabadilisha pembe, upo.

Ilikuwa damu. Tone dogo la damu kwenye ukingo wa diski linaweza kuonekana kwa wiki kadhaa kisha likafyonzwa lisiache alama, na kwa mtu wa glakoma ni kama moshi: hapo chini pana kitu kinaungua. Presha yake haikuwa juu, lakini neva yake haikuweza kubeba hata hiyo 15. Glakoma ya namna hii ipo, na si ya nadra. Kipimo cha presha peke yake kingempitisha maisha yake yote.

Siku hiyohiyo alipimwa kwenye mashine yetu mpya ya OCT, na karatasi ikatoka ya kijani, yaani haina shida, kuanzia juu hadi chini. Hapo ndipo nilipoacha kuiabudu ile mashine, kabla hata harufu ya upya haijaisha. OCT inapima unene wa tabaka za nyuma ya jicho. Haioni rangi. Damu kwake haipo. Kulikuwa na maneno kwamba kwa kuwa imefika, tuache picha za kawaida tuokoe muda. Tuliendelea nazo kwa sababu ya mkwaruzo wa yule mama. Miaka miwili baadaye, palepale palipokuwa na damu, karatasi yake iligeuka njano, kisha nyekundu.

Sisemi OCT ni mbaya. Ni chombo cha ajabu. Inatuma mwanga usiodhuru ndani ya jicho na kupima jinsi unavyorudi kutoka kila tabaka, kama popo anavyopima ukuta kwa sauti yake, ila hapa kwa mwanga. Kundi la watafiti wa Massachusetts lilitangaza mbinu hiyo mwaka 1991, na ninapokumbuka kwamba watu walitazama ndani ya jicho kwa vioo na mishumaa tangu Helmholtz, mwanasayansi wa Kijerumani, alipotangaza kifaa chake mwaka 1851, naona sisi tumeishi wakati mzuri. Tabaka la nyuzi kuzunguka diski kwa mtu mzima mwenye afya lina wastani wa maikroni 90 hadi 100 hivi. Ni unene unaokaribiana na wa unywele. Mashine inaupima ndani ya sekunde chache, mtu hajaguswa.

Taabu ni rangi. Kijani maana yake unene wako uko ndani ya ule wa watu wengi wazima, yaani wasio na ugonjwa, wa umri wako waliowekwa kwenye kumbukumbu ya mashine. Njano ni kwamba chini ya wazima 5 kwa 100 ndio wembamba kiasi hicho. Nyekundu ni chini ya 1 kwa 100. Soma tena: wazima. Wamo wazima wenye nyekundu, ila wachache. Halafu karatasi ina visanduku vingi, robo nne, vipande 12 kama saa, na kila kimoja kinapewa rangi yake. Ukitazama visanduku vingi kiasi hicho, kimoja kugeuka njano kwa bahati mbaya tu si ajabu.

Akaja mwanafunzi wa miwani minene ya kutoona mbali. Jicho la namna hiyo ni refu, kama yai, na nyuzi zake zinavutwa upande wa sikio. Mashine ilimlinganisha na watu wenye macho ya kawaida, ikampaka nyekundu juu na chini. Mamaye aliiona karatasi ikitoka kwenye printa kabla sijaishika. Nyekundu haihitaji mkalimani. Nilieleza mpaka nikachoka, na sauti yangu haikufua dafu mbele ya rangi ile. Tangu siku hiyo printa yetu ilihamishiwa chumba cha daktari. Kati ya mageuzi yote niliyowahi kupendekeza kazini, hilo ndilo lililokubaliwa bila kikao.

Makosa mengine yalikuwa yangu tu. Kila kipimo cha OCT kinatoka na alama ya ubora. Yetu ilikuwa ya 10, na chini ya 6 ulitakiwa kurudia. Nimewahi kupeleka ya 4 kwa sababu saa ya kutoka ilikuwa imefika. Jicho la mzee yule lilikuwa kavu, hakupepesa kwa kuogopa kuharibu, na ile laini ambayo mashine inachora kufuata tabaka la nyuzi ilikuwa imeporomoka mahali fulani hadi chini kabisa. Mashine ikasoma pale unene wa sifuri na kupaka nyekundu. Daktari alinirudishia karatasi. Alikuwa amezungushia kwa kalamu, akaandika pembeni: "Hapa hakuna jicho." Matone mawili ya machozi ya bandia, pepesa mara tatu, ubora ukapanda hadi 8, nyekundu ikaondoka. Kazi ya dakika moja.

Lakini nilianza na habari ya kufuta.

Diski ya kompyuta ya kamera ilijaa. Hakukuwa na bajeti ya kuongeza, na nikaambiwa nitafute namna. Nilitumia siku mbili nzima. Nilipitia majina yote, wenye ugonjwa nikawaacha, wenye shaka nikawaacha, wazima nikawafuta. Nani atahitaji picha ya jicho zima? Niliona nimefanya kazi safi. Sehemu kubwa ya diski ikawa tupu, mashine ikaanza kwenda haraka, nikapongezwa.

Mwaka uliofuata alikuja mzee mmoja na bahasha ya plastiki. Alikuwa mtu wa mpangilio, kila cheti alichowahi kupewa kimo humo. Kulikuwa na karatasi ya OCT ya kituo kingine ya miaka miwili nyuma: wastani wa maikroni 92. Sisi tukampima, tukapata 79. Nikaziandika namba hizo mbili kwenye jedwali zuri, moja juu ya nyingine, na tofauti yake: 13. Mtu anapozeeka nyuzi hupungua, ila kwa kiasi kisichofika maikroni moja kwa mwaka. Kumi na tatu kwa miaka miwili ni moto. Daktari wa zamu aliona jedwali langu akaongeza dawa ya pili, ile ya timolol, ambayo kwanza ilibidi kumuuliza mzee kama ana pumu, kwa kuwa inaweza kumbana kifua.

Wiki moja baadaye daktari yule mwingine, aliyenifundisha nisianze na kikombe, alizigeuza karatasi zote mbili akatazama chini kabisa, kwenye maandishi madogo. Mashine mbili za watengenezaji wawili. Kila mmoja ana namna yake ya kuchora mpaka wa tabaka na mahali pa kuzungushia duara. Namba zao hazipandani juu ya nyingine, kama vile huwezi kupima kitambaa kwa pima ya mkono wako kisha ukamalizia kwa ya jirani. Ile 13 inaweza kuwa imeliwa na ugonjwa, au ikawa tofauti ya mashine tu. Hakuna aliyeweza kujua.

Mzee akasema kwa utulivu, "Lakini mimi niliwahi kupigwa picha hapahapa. Miaka mitano iliyopita. Mliniambia ni mzima."

Picha ile ingemaliza ubishi. Picha ya kawaida ya diski, miaka mitano nyuma: ukiiweka kando ya ya leo unaona kama ukingo umekonda au la, bila kuhitaji namba ya mtu. Nilikaa kwenye kompyuta nikaandika jina lake huku nikijua jibu. Alikuwa mzima, kwa hiyo nilimfuta.

Hilo ndilo lililonibadilisha kuliko semina zote. Ugonjwa huu hauonekani vizuri ukimlinganisha mtu na watu wengine. Watu wametofautiana mno: diski kubwa, diski ndogo, macho marefu, nyuzi nyingi, nyuzi chache za kuzaliwa. Mtu anaweza kuanza na maikroni 110, akapoteza 20, na bado akawa wa kijani. Mwingine amezaliwa na 80 na atazikwa nazo. Unaonekana ukimlinganisha mtu na yeye mwenyewe wa jana. Kwa hiyo picha yenye thamani kubwa ni ile aliyopigwa akiwa hana kitu, ambayo siku inapopigwa haina maana yoyote kwa yeyote. Mimi nilizikusanya hizo kwa maelfu kisha nikazitupa, nikaacha za waliokwisha kuharibika, ambao hata bila picha wangejulikana.

Sasa kila anayekaa kwenye kiti changu namwambia atoe simu apige picha ya skrini, diski zote mbili, na jina la mashine lionekane. Wengine wanadhani ni urembo. Wapo walioiweka kama picha ya wasifu.

Kisha ikaja programu ya akili mnemba. Ilikuwa imefundishwa kwa picha nyingi zilizowekewa majibu na madaktari, na tuliitumia kwenye kambi za uchunguzi, ukumbini, watu wamejipanga. Unapiga picha, unahesabu mpaka kumi, jibu linatoka: mpeleke kwa daktari, au usimpeleke. Nilifurahi kwamba haichoki saa kumi jioni kama mimi.

Jambo la kwanza nililoligundua ni jibu lake la tatu: ubora hautoshi. Programu nzuri inakataa kusoma picha isiyoeleweka, na ni sawa. Ila nilipotazama ni nani anaowakataa, nikaona ni wazee. Mboni zao ni ndogo, lenzi zao zimeanza kufifia, hawawezi kutulia muda mrefu. Yaani wale wale ambao glakoma inawapenda. Nami nilikuwa nawaambia, "Bibi, mashine imegoma, utarudi siku nyingine," na bibi anakwenda nyumbani akidhani amepimwa. Tulibadilisha baadaye: aliyekataliwa na mashine anahesabiwa sawa na aliyeshukiwa, anapelekwa kutanuliwa mboni na kutazamwa na mtu. Nilipaswa kulifikiria siku ya kwanza.

La pili ni hesabu, na hili lilinisumbua zaidi kwa sababu linakwenda kinyume na akili ya kawaida. Chukua watu 1,000 wa umri mchanganyiko na useme 20 kati yao wana glakoma. Chukua programu nzuri, inayowakamata wagonjwa 9 kwa kila 10, na inayowaachia wazima 9 kwa kila 10. Itawakamata wagonjwa 18. Wawili itawakosa, na hao wataondoka na furaha. Wazima ni 980, na itawashika 98 kimakosa. Kwa hiyo watu 116 wanaambiwa waende kwa daktari, na wenye ugonjwa humo ni 18. Kwa kila mmoja mgonjwa, wapo wazima watano na zaidi wanaokesha kama yule fundi wangu, wakifunga jicho moja uani. Na daktari ni mmoja. Foleni inajaa wazima, wagonjwa 18 wanachoka kungoja, wengine hawarudi kabisa.

Nilikuwa nikikasirika niliposikia kwamba jopo linaloishauri Marekani kuhusu uchunguzi wa kinga lilisema mwaka 2022 kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza watu wazima wote wasio na dalili wachunguzwe glakoma, wala kupinga. Nilidhani ni ubahili. Baada ya kupiga hesabu hii kwa kalamu nilianza kuwaelewa. Shida ni mahali unapoielekeza kamera. Kuna utafiti wa Rotterdam, Uholanzi, uliotoka mwaka 1998: ndugu wa kuzaliwa na watoto wa wagonjwa walikuwa na uwezekano wa asilimia 22 wa kuwa na glakoma wafikapo miaka 80, na wale wa familia zisizo na mgonjwa asilimia 2.3. Weka asilimia kama hiyo 22 kwenye hesabu yangu badala ya 20 kwa 1,000 na mambo yanageuka kabisa. Sasa karibu watu watatu kwa kila wanne wanaoshikwa wana ugonjwa kweli. Programu ni ileile, kamera ni ileile. Umebadilisha tu swali la mlangoni: nani kwenu aliwahi kupoteza kuona?

Nikawa nahubiri hilo. Kila mgonjwa mpya namwambia alete kaka zake, dada zake, watoto waliovuka miaka 40. Nimeona familia nzima zikija na basi moja dogo. Na siku moja mgonjwa mmoja, mwalimu mstaafu mwenye ulimi, akaniuliza, "Na wewe, mwanangu, wa kwako umewaleta?"

Dada yangu mkubwa ana miaka 52. Nilipompigia simu alidhani nina shida ya fedha. Alikuja Jumamosi, kliniki imefungwa kwa umma, akakaa kwenye kiti, akaweka kidevu. Ilikuwa ajabu kuona ndani ya jicho la mtu aliyenibeba mgongoni. Presha yake 24 kwenye macho yote mawili. Diski ya kushoto, upande wa chini, ukingo umekonda kidogo, au labda ndivyo ulivyo. OCT ya njano kwenye kipande kimoja, wastani 84. Kipimo cha uwanja wa kuona, kile cha kubonyeza kitufe kila uonapo kinuru, alikifanya vibaya mara ya kwanza kama kila mtu, akarudia, kikawa safi.

"Mdogo wangu, niambie ukweli. Ninao au sina?"

Nimejibu swali hilo kwa niaba ya mashine mara nyingi mno. Safari hii sikuwa na la kusema. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu: wiki zangu za kwanza kazini, nikijifunza kuzuia kope zisiingie, dada alikuja kunitembelea nikamfanyia mazoezi. Nilipiga picha kumi na kitu za macho yake, mbili au tatu zilikuwa nzuri. Alikuwa na miaka 40. Alikuwa mzima.

Daktari alipima na unene wa konea yake, kioo cha mbele cha jicho, akakuta ni mnene, na konea nene huifanya presha isomeke juu kuliko ilivyo. Alimweleza dada kwamba kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2002, ambao uliwafuatilia watu wenye presha ya juu na neva bado nzima. Ndani ya miaka mitano waliopata glakoma bila dawa walikuwa asilimia 9.5, na waliotumia matone asilimia 4.4. Dawa inasaidia, lakini hata bila dawa wengi hawakuugua kwa muda huo. Hakumwandikia kitu. Alisema arudi baada ya miezi sita, mashine hiyohiyo, na mpigaji awe huyuhuyu.

Dada hakuridhika. Alitaka ndiyo au hapana. Njiani alinilalamikia kwamba nina miaka kumi na mbili kwenye kazi hii na sijui kumjibu dada yangu swali moja.

Picha ya pili tulipiga Januari. Wastani 82. Maikroni mbili chini, na mashine yetu inaweza kutofautiana kwa nne hata ukimpima mtu mara mbili asubuhi moja. Nilizipandanisha picha za diski kwenye skrini na kubonyeza kwenda na kurudi, ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili, nikitafuta mshipa mdogo uliosogea, ukingo uliozama. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono begani.

"Hizo mbili zinafanana," alisema.

"Zinafanana."

Nimezihifadhi mahali patatu. Ya tatu ni mwezi ujao.